Mchanga Kwenye Sanduku la Tope

Kambini
Jumanne, 3 Septemba

Shemeji yangu mtunza mawe,

Natumaini barua hii imekukuta umeshakunywa chai, maana nakujua: kabla ya chai husomi hata jina lako mwenyewe. Huku tuko wazima. Kaka yako anakusalimu, au angekusalimu kama angekuwa macho. Ametoka zamu na anakoroma hadi bati linacheza. Simu zimepigwa marufuku eneo zima la kisima kwa kuogopa cheche, na ile moja ya redio iko mezani kwa mkuu wa kambi, ambapo ukimsalimia mtu wanakusikia hadi wapishi. Kwa hiyo tutaandikiana kizamani, na dereva wa lori la vyakula atakuwa posta yetu.

Mwambie Mama kwamba mwanawe anakula vizuri na ile fulana ya sufu anaivaa. Ukishamsomea mpaka hapo, kunja barua. Yanayofuata ni yako peke yako.

Nina wasiwasi, shemeji. Sasa hivi tunachimba ndani ya mwamba wa tope, ule mweusi laini unaoujua. Chini yake ndiko tunakotegemea kukuta mchanga wenye mafuta na gesi, na tope lenyewe ndilo kifuniko kinachoyazuia yasipande. Sasa, kwenye chekeche ninaposafisha chenga za mwamba zinazotoka shimoni, nimeanza kuona mchanga. Si mwingi, lakini upo, na umo mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na punje. Mkuu wa kambi anasema umeporomoka kutoka kuta za shimo huko juu ukachanganyika na chenga zetu. Hutokea. Lakini haufanani sana na ule wa juu. Basi "haufanani sana" si neno la kumsimamisha mtu kama yeye.

Mimi nadhani ulitoka chini. Ukiikalia tyubu ya dawa ya meno iliyofungwa vizuri, dawa haitakaa kimya, itapasukia ubavuni. Mchanga nao ndivyo. Zamani ulifukiwa ukiwa umejaa maji, uzito ukaongezeka juu yake, ukakosa pa kupumulia, mwishowe ukapasua tope na kupanda kwenye nyufa, ukagandia humo. Baadaye mafuta na gesi vikaja vikaukuta mlango uko wazi, vikapanda nao na kunasa, huku tope likiwa limevizingira pande zote. Kwa mtafuta mafuta hiyo ni hazina. Kwa mchimbaji asiyejua kwamba ipo, ni hatari, kwa sababu presha ya chini kabisa inakuwa imepanda hadi hapa tulipo.

Tope la kuchimbia, lile la majimaji tunalomimina shimoni kuzuia gesi isiruke, ni jepesi, limepimwa kwa mwamba usio na kitu. Kekee, ile ncha inayotoboa mwamba, ikigonga mchanga wa namna hiyo, gesi itakuja juu, na anayesimama juu ya shimo akiwa ameshika breki ya mtambo ni kaka yako.

Nataka tusimame, tuteremshe bomba la chuma la kukinga kuta za shimo, tulizungushie saruji, tuongeze uzito wa tope, ndipo tuendelee. Mkuu anasema hawezi kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya punje. Nikamgeukia mume wangu anitetee, akaniambia mbele ya watu, "Kazini mimi sina mke. Nikiambiwa chimba, nachimba." Halafu akanimegea mkate wake. Ndugu yako huyo.

Ghalani kwako mna miche ya mwamba, yale magogo ya jiwe yanayokatwa shimoni, ya kisima cha zamani kilichochimbwa jirani na hapa. Walikata mche mzima kupitia tope hili hili. Naomba ufungue masanduku ya tope uangalie kama kuna mchanga wowote uliokatiza, hasa uliokatiza kimshazari. Mkuu ametamka mwenyewe mezani kwamba akionyeshwa jiwe atasimama. Hadi tufike kina cha hatari bado kuna nafasi, ila si kubwa.

Shemeji yako wa kambini


Ghalani
Ijumaa, 6 Septemba

Shemeji mpendwa,

Barua yako imenikuta na kikombe mkononi, kwa hiyo nilikuwa binadamu kamili. Mama nimemsomea ya fulana akafurahi. Kisha akaniuliza mbona barua nene hivyo ina maneno machache. Nikamwambia mwandiko wako ni mkubwa.

Nimefanya ulivyosema. Nimeteremsha masanduku yote ya tope ya kile kisima, nikayapanga sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, nikayapitia kipande kwa kipande nikiwa nimepiga magoti. Goti moja bado linanilaumu. Shemeji, naumia kukuambia hivi: ni tope tupu. Jeusi, laini, mwanzo hadi mwisho. Hakuna mchanga ulionyooka wala wa mshazari. Hata nilipolamba, kama ulivyonifundisha siku ile mbele ya wageni, ulimi uliganda kama kawaida ya tope.

Kwa hiyo huenda mkuu wako yuko sahihi na punje zako zimeporomoka. Sisemi hivyo kwa raha. Natamani uwe na makosa ili kaka awe salama, na wakati huo huo natamani uwe sahihi kwa sababu sijawahi kukuona ukishindwa ubishi, na ukishindwa utatununia Krismasi na Idi zote.

Angalau ujue masanduku yako yako katika hali nzuri. Ghala hili wageni hulisifu. Aliyenitangulia alikuta fujo tupu, akalipanga upya, na mimi nimeendeleza: mchanga unakaa na mchanga, tope linakaa na tope. Kipande kikipotea njia tunakirudisha kwa wenzake, na nafasi kinayoacha tunaisogeza ili miche ikae imebanana, isigongane ikihamishwa. Ukija nitakutembeza kama mkaguzi.

Mwambie kaka ajichunge. Mwambie kwa njia ambayo hatajua ni mimi niliyesema.

Shemeji yako, mtunza mawe


Kambini
Jumatatu, 9 Septemba

Shemeji,

Barua yako nilimpa mkuu aisome, maana nilimwahidi. Akaisoma akatabasamu, akanigonga bega akasema nisijisikie vibaya. Kekee inaendelea kushuka. Kaka yako usiku alinifunika blanketi akidhani nimelala.

Asubuhi hii nimeirudia barua yako nikiwa na akili ya kusoma, nikafika pale unapojisifu. Nikasimama.

Kipande kinachopotea njia ni kipi? Mliwahi kutoa mchanga kwenye masanduku ya tope? Shemeji wangu mzuri, hicho ndicho hasa ninachokitafuta. Mchanga ndani ya tope haukupotea njia, ulikuwa nyumbani. Kama aliyekutangulia aliukuta humo akaona ni fujo, akautoa na kusogeza tope likabanana, basi wewe umeniangalizia sanduku ambalo jibu lilishaondolewa. Wala simlaumu. Hata mimi ningekuwa sijasoma haya ningeutoa na kujisifu.

Fungua masanduku ya mchanga ya kisima kile kile. Tafuta vipande ambavyo ubavuni vimegandwa na tope jeusi, na ndani ya mchanga wenyewe vipande vidogo vya tope vilivyomegwa wakati unapanda. Kisha chukua kipande hicho ujaribu kukikutanisha na tope, moja baada ya jingine, kama unavyounga sahani iliyovunjika.

Lori linarudi huku Alhamisi. Nakuomba, acha kila kitu.

Shemeji yako


Ghalani
Jumatano, 11 Septemba

Shemeji,

Sina maneno mengi, dereva anapiga honi nje na nimemshikia funguo zake ili asiondoke.

Vipo. Nilifungua sanduku la kwanza la mchanga nikaona aibu ya miaka, maana vilikuwa vinanitazama muda wote. Vipande vyenye gamba jeusi ubavuni, na mimi nilikuwa nikidhani ni uchafu, hata vingine nimewahi kuvisugua kwa brashi. Ndani vina vijipande vya tope vimetawanyika, na upande mmoja umekatwa kimshazari.

Kuunga ndiko kulikonitoa jasho. Nilijaribu tope moja, la pili, nikakata tamaa, nikajaribu tena. Halafu kimoja kikakaa. Shemeji, kilikaa hadi nikasikia. Hakuna hata ukucha unaoweza kupita katikati. Mchanga umelipasua tope kimshazari na kutokea upande wa pili, na upande huo nao nimeupata. Kwa hiyo nina vipande vitatu vinavyokuwa kimoja: tope, mchanga, tope. Nilipoulowesha mchanga kwa maji nikasikia harufu ya taa ya mafuta, hafifu.

Nimevifunga pamoja kwa kitambaa na kamba, halafu nikavitia kwenye boksi la viatu vya Mama. Lori likifika tu lichukue, usimpe dereva sababu ya kukaa nalo. Mfungulie mkuu wako mezani mbele ya wote waliomsikia akiahidi.

Mama ameniona nikikimbia na boksi lake akaniuliza kuna nini na mwanawe. Nimemwambia hakuna.

Mtunza mawe


Ghalani
Jumanne, 17 Septemba

Shemeji,

Lori halijarudi. Siku yake imepita. Nimekwenda yadi wanakopakia, msimamizi ananiambia barabara ya kambi imefungwa na yeye hajui zaidi. Nikamuuliza nani ameifunga, akasema nyinyi wenyewe. Mpakizi mmoja akanong'ona kwamba kisima kimetoa gesi, na mwenzake akamkanyaga mguu anyamaze kwa sababu alinitambua kwa sura. Wanasema nafanana sana na kaka.

Nilipiga ofisi kuu. Wamenipokea kwa heshima nyingi kupita kiasi, na heshima hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Sijui boksi lilifika kwa wakati. Sijui kama mkuu wako alilifungua au alitabasamu tena. Nakaa hapa natazama yale masanduku nikifikiria: lau ningeangalia vizuri mara ya kwanza, mngekuwa na siku zaidi.

Mama anajua. Jana aliweka miwani, akanyoosha mkono, akasema, "Lete barua zote, na zile ulizokunja." Amezisoma mwenyewe. Hajalia. Ameosha nguo zote za kaka zilizobaki hapa nyumbani, hata zile safi, na leo anazipiga pasi.

Sijui barua hii itafikaje. Naiandika kwa sababu nisipoandika nitarudi yadi kugombana na watu wasio na kosa. Shemeji, andika neno moja tu, hata juu ya karatasi ya sigara. Niambie yuko hai.

Mdogo wenu


Kambini
Alhamisi, 19 Septemba

Shemeji yangu,

Yuko hai. Sote tuko hai, hakuna aliyepata hata mchubuko. Mkimbilie Mama umwambie kwanza, halafu urudi usome.

Boksi lilifika. Niliifungua ile kamba mezani wakati wa chakula. Mkuu aliliinua jiwe, akaligeuza, akajaribu kupitisha kisu kwenye maungio kikagoma. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akalamba tope, akalamba mchanga, akaufuta mdomo. Akasema, "Simamisheni mtambo." Hakubishana hata kidogo. Lazima nimpe haki yake, maana aliahidi akatimiza, na alikuwa wa kwanza kuvaa glavu kuteremsha bomba.

Tukaweka bomba, tukaacha saruji igande, tukaongeza uzito wa tope. Tukaanza tena kuchimba Jumatatu asubuhi, na kabla hata watu hawajamaliza kuninunia kwa kuwachelewesha, kekee ikaingia kwenye mchanga. Tope likaanza kurudi kwa wingi kuliko tunalolimimina, maana yake gesi inalisukuma kutoka chini. Kaka yako alifunga vali ya mdomo wa kisima kabla king'ora hakijalia. Tukamimina tope zito zaidi, polepole, tukaitoa gesi kwa bomba la pembeni na kuichoma mbali, hadi kisima kikatulia. Wakati huo wote barabara ilifungwa na lori tulilizuia hapa hapa, nisamehe.

Sasa nikuambie kitu ambacho mkuu alitueleza baadaye akiwa na uso wa majivu. Kama tungekuwa na lile tope jepesi bila bomba, tungefunga vali juu na gesi ingepasua mwamba pembeni, ikatokea chini ya miguu ya watu wa zamu. Alisema hivyo akakaa.

Na mchanga umejaa mafuta, shemeji. Ule ule tulioambiwa umeporomoka. Mkuu anachora ramani upya na kila dakika ananiuliza niangalie kama mstari uko sawa. Nimepumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani, bado shingo haiamini.

Lipo moja linaloniuma. Kaka yako hasemi nami tangu siku ile ya gesi. Si ugomvi, ananipisha njia, anainamisha kichwa, anakwenda. Nadhani amekasirika kwamba nilimpinga mbele ya wenzake na nikawa sahihi. Baada ya kisima kutulia nilimfuata, nikamkuta nyuma ya tangi la maji amekaa chini analia peke yake. Nikarudi kinyumenyume asinione. Tafadhali usimwambie kwamba nilimwona. Anajivunia ugumu wake, sitaki kumvua nguo. Mimi nimeshapata nilichotaka, yupo, hata akininunia mwaka mzima nitamtazama tu akinuna na kushukuru.

Shemeji yako


Kambini
Alhamisi, 19 Septemba

Mdogo wangu,

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Dereva anasema lori linaondoka, kwa hiyo soma tu usicheke mwandiko.

Niko mzima. Mwambie Mama.

Ile siku mikono ilifanya kazi yenyewe. Nilipoona tangi la tope linajaa nikafunga vali, sikufikiri. Kufikiri kulikuja baadaye. Niliwaita watu wangu kwa majina wote wakaitika. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia, ndugu yangu, kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna aliyeniona. Mke wangu asijue, nakuomba.

Nilimwambia mbele ya watu kwamba kazini sina mke. Huyo mke nisiye naye ndiye aliyesababisha nikuandikie leo. Nikimwona nataka kumwambia, mdomo unakauka, napita. Nikijaribu tena, vile vile. Ataniona mjinga. Wewe ni mtu wa maneno, nitafutie la kumwambia ulitume na lori linalokuja.

Asante kwa lile jiwe. Nimelishika. Nimelishika muda mrefu.

Kaka yako


Ghalani
Jumamosi, 21 Septemba

Kaka na shemeji,

Barua hii ni ya wawili. Kama mmoja ameifungua peke yake, aifunge, amtafute mwenzake, wakae pamoja, mmoja asome kwa sauti.

Nilimkimbilia Mama kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Alikuwa bado na pasi mkononi. Nikasema, "Wako hai wote," akaiweka pasi chini, akakaa, akanitazama, halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka hadi shati la kaka likaungua. Ni lile la bluu. Kaka, sahau habari ya hilo shati. Tangu jana anaimba jikoni, na akiimba anasahau maneno anaweka majina yenu.

Mimi mwenyewe nimelala usingizi wa kwanza wa maana tangu mwezi uanze. Niliamka nikadhani nimechelewa kazini, na kweli nilikuwa nimechelewa, na sikujali.

Sasa tuje kwenye mambo. Barua zenu zimeingia pamoja, mkono mmoja wa dereva. Kila mmoja amenikataza nisimwambie mwenzake. Nimejaribu kunyamaza tangu jana na nimeshindwa, kwa hiyo mtanisamehe.

Shemeji, hajakukasirikia. Ana shukrani iliyomkwama kooni, na kila akikuona inapanda inamziba. Ndiyo maana anapita kimya.

Kaka, alikuona nyuma ya tangi. Alirudi kinyumenyume ili usione aibu. Hajakuona mjinga. Anasema hata ukimnunia mwaka mzima atakutazama ukinuna na kushukuru kwamba upo.

Umeniomba nikutafutie neno. Nimelitafuta kwa bidii niliyotafutia lile jiwe, na kila nililopata ni refu kuliko linalohitajika. Mwambie asante. Sema taratibu, na usiondoke ukishasema.

Mama anawataka nyumbani zamu ikiisha, wote wawili, kwa basi moja. Salamu zake ni nyingi na nimeziandika zote huko chini, lakini anayesoma asizisome bado. Aweke karatasi mezani hapa, amtazame mwenzake. Salamu za Mama zinaweza kusubiri.

Ndugu yenu